Mizani sita, mabano mengi: kuendesha Lisp juu ya BEAM pale mwaloni Kirumba

Toleo la kwanza la huu mfumo wa kupimia dagaa pale mwaloni Kirumba, Mwanza, niliandika kwa lugha ya programu inayoitwa Python, na sina ugomvi na Python, mpaka leo naitumia kwa mambo mengine. Kilikuwa kitanzi kimoja tu kinachozungukia mizani sita ya dagaa, kinasoma mzani wa kwanza, wa pili, wa tatu, kinaandika kilo kwenye faili alafu kinamtumia mwenye mzigo meseji kwa modemu ya laini ya simu. Kikaenda vizuri wiki mbili hivi. Asubuhi moja guta limejaza viroba likapita juu ya waya wa mzani namba nne likauchomoa, na kile kitanzi kikasimama palepale kinasubiri jibu la mzani ambao haupo, mizani mitano mizima kabisa ikakaa kimya nyuma yake. Mama mdogo akanipigia, mi niko Nyegezi, namsikia na nyuma yake makuli wanapiga kelele, kuna mtu anadai apimiwe haraka kwa sababu ana gari la kwenda Kabanga linaondoka. Akaniuliza, "Mwanangu, umeumwa mmoja, hiyo mingine inalilia nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tu chomoa, chomeka, washa upya. Lakini lile swali lilinikaa, na karibu kila kitu nilichojifunza miaka miwili iliyofuata kimetoka humo.

Nilijaribu kwanza njia ya mkato, nikagawa ile programu kwenye nyuzi, yaani kazi ndogondogo zinazokimbia kwa pamoja, kila mzani na uzi wake, zote zinaandika kwenye kamusi moja, yaani ghala moja la data, na kufuli ili zisigongane. Ikawa afadhali kwa siku tatu, alafu uzi mmoja ukashika kufuli ukafa nalo, na tukarudi kulekule. Hapo ndo nikaanza kusoma habari za Erlang kwa moyo wote, sio kwa kupitia pitia kama nilivyokua nafanya chuoni.

Kwa asiyeijua, Erlang ni lugha ya programu iliyozaliwa ndani ya Ericsson, kampuni ya mitambo ya simu ya Sweden, miaka ya 1980, kazi ya Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams, watu waliokuwa wanatafuta njia ya kuandika programu za mitambo ya simu. Fikiria mtambo wa simu: maelfu ya watu wanaongea kwa wakati mmoja, simu yangu ikikatika yako isikatike, na huwezi kuzima mtambo wa mji mzima eti unabadilisha programu. Hayo mahitaji ndo yaliyoizaa ile mashine pepe, yaani programu inayoendesha programu za Erlang, inayoitwa BEAM. Mwaka 1998 Ericsson wakaiachia Erlang kwa watu wote, na leo meseji za WhatsApp ambazo wavuvi wa hapa wanatumiana picha za sato nazo zinapita kwenye seva zilizoandikwa kwa Erlang. Mwanzoni mwa 2012 WhatsApp walitangaza kwamba seva yao moja imebeba miunganisho zaidi ya milioni 2 kwa wakati mmoja. Mi nina mizani sita, ila shida yangu na yao ni ya ukoo mmoja.

Siri yake ni prosesi, yaani kazi moja inayokimbia peke yake. Sio prosesi za mfumo wa kompyuta, hizi ni za BEAM yenyewe, ndogo sana, mpya ikizaliwa inakula kumbukumbu isiyofika kilobaiti 3, kwaiyo unaweza kuwa nazo laki na kompyuta isilalamike. Kila prosesi ina kumbukumbu yake peke yake, hakuna anayegusa ya mwenzake, wakitaka kuambiana kitu wanatumiana meseji na ile meseji inanakiliwa kwenda kwenye kisanduku cha anayepokea. Hata uzoaji taka, yaani kufuta kumbukumbu isiyotumika tena, unafanyika prosesi kwa prosesi, moja ikisimama kusafisha vyumba vyake zingine zinaendelea na kazi. Na kuna zamu: kila prosesi inapewa hatua kama 4000 hivi, ikizimaliza inakaa pembeni hata kama haijamaliza kazi yake, mwingine anaingia. Hakuna mjanja wa kung'ang'ania kompyuta.

Usiku wa giza, mwezi haupo, ukipanda juu ya mawe Capri Point ukaangalia ziwani utaziona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa mpaka mbali. Taa moja ikizima, zile zingine haziyumbi wala hazijui. Mzee wake huyo mwenye taa ndo atakayehangaika nayo, aiwashe upya au arudi pwani. Nilipoielewa BEAM niliona nimeshaijua tangu utoto.

Sasa kwanini nisiishie kwenye Erlang, au Elixir, lugha nyingine ya juu ya BEAM, ambayo ina watu wengi na vitabu vingi? Nimeulizwa hili swali mara nyingi, na jibu langu liko kwenye mabano.

Mi Lisp niliipenda mapema. Ni lugha ya programu ya John McCarthy, 1958, ile inayoandikwa yote ndani ya mabano, na mpaka leo kitu kinachonishangaza ni kilekile, kwamba programu yenyewe ni orodha, na orodha ndo kitu ambacho programu inajua kukichezea. Kwaiyo unaweza kuandika programu inayoandika programu, makro, ambayo kompaila, yule mtafsiri wa programu kwenda lugha ya mashine, anaipanua kabla ya kitu chochote kuanza kukimbia. Unapata nafasi ya kutengeneza sentensi zako mwenyewe ndani ya lugha.

Na Robert Virding, yuleyule mmoja wa waliotengeneza Erlang, alikua anaipenda Lisp pia. Mwaka 2008 akatoa LFE, yaani Erlang yenye ladha ya Lisp. Hii haikua Lisp ngeni iliyoletwa na kubandikwa juu ya mashine, ukiangalia ndani utakuta nusu ya nyumba ilishajengwa: BEAM tayari ina orodha za viungo kama za Lisp, kichwa na mkia, ina atomu, yaani majina yanayojisimamia yenyewe, ambazo ni sawa na alama za Lisp, ina vitendaji, vile vipande vya programu vinavyofanya kazi moja, unavyoweza kuvibeba mkononi kama kitu chochote kingine. Moduli, yaani faili moja la programu, uliyoandika kwa LFE inaitwa na Erlang na yenyewe inaiita Erlang bila mkalimani katikati. Unachokosa ni ile tabia ya Lisp nyingi ya kubadilisha kitu mahali pake, hapa thamani ikishatengenezwa imetengenezwa, ukitaka nyingine unatengeneza nyingine. Mwanzoni iliniuma, maana nilikua nimezoea kubadilisha. Baadae nikaona ndo kitu kinachofanya zile prosesi zisigombane.

Nikaandika upya. Kila mzani prosesi moja, modemu prosesi moja, na juu yao msimamizi, ambaye kazi yake ni kuangalia nani kaanguka amwinue. Watu wa Erlang wana msemo wao, acha ianguke, maana yake usijaze programu yako vizuizi vya kila kosa linalowezekana, acha prosesi ife na msimamizi alete mpya iliyo safi. Mi niliuelewa vibaya huu msemo. Waya wa mzani namba nne ulipochomoka tena, prosesi yake ikafa, msimamizi akainua nyingine, nayo ikakuta waya haupo ikafa hapohapo, yote ndani ya nusu sekunde. Msimamizi ana uvumilivu wake, usipomwambia kitu anakubali kuinua mara 1 ndani ya sekunde 5, ikizidi hapo yeye mwenyewe anaanguka na kuondoka na wote aliokuwa anawasimamia. Mizani sita ikazima tena, safari hii kwa lugha nzuri zaidi.

Kumbe waya kuchomoka pale mwaloni sio kosa la kushangaza, ni jambo la kila siku kama mvua ya masika, na jambo la kila siku unaliandikia utaratibu wake. Sasa hivi prosesi isipokuta waya haifi, inakaa, inajaribu tena kila baada ya sekunde 5, inaandika kwamba mzani haupo, basi. Kufa tumeacha kwa mambo ambayo kweli hatukuyategemea.

Nikirudi kwenye mabano. Prosesi ya mzani inakaa inasubiri meseji, ikija inafanya kitu, isipokuja kwa muda fulani inafanya kitu kingine, na huo muda BEAM inauhesabu kwa milisekunde. Nilichoka kuandika 120000 kila mahali, nikatengeneza makro, na nilipokua naitengeneza nikajiuliza kwani lazima iwe Kiingereza? Ikatoka hivi:

(mzani 3
  (ukisoma kilo
    (andika kilo)
    (mjulishe mwenye-mzigo kilo))
  (ukinyamaza dakika 2
    (mwite fundi)))

Hiyo ni programu kamili, inakimbia. Neno ukisoma linapanuliwa kuwa sehemu ya kupokea meseji, ukinyamaza linapanuliwa kuwa sehemu ya muda kuisha, na dakika 2 inazidishwa kuwa zile milisekunde kabla hata programu haijaanza. Nilikua nimefungua laptop juu ya kiroba pale ofisini kwa mama mdogo, ofisi yenyewe ni kibanda cha mabati chenye kalenda na picha ya ndugu zetu wa Ukerewe, yeye akawa amesimama nyuma yangu anakunywa chai. Mama mdogo ameishia darasa la saba, na hajawahi kuandika programu. Akasoma kwa sauti, taratibu, akiruka mabano kama mtu anavyoruka madimbwi. Mzani wa tatu, ukisoma kilo, andika kilo, mjulishe mwenye mzigo kilo. Ukinyamaza dakika mbili, mwite fundi.

Alafu akasema, "Hizo dakika mbili umezitoa wapi wewe?"

Nikamwambia nimekadiria tu, mama.

"Saa nne watu wanakunywa chai. Mzani unanyamaza nusu saa nzima na hauumwi. Ndo maana huyu fundi anapigiwa pigiwa kila siku na anakasirika."

Na kweli, fundi alikua ameshalalamika mara kibao na mi nilikua natafuta kosa kwenye waya. Kosa lilikua kwenye namba 2, na aliyeliona ni mtu anayejua mwaloni, ndani ya dakika moja, kwa sababu aliweza kulisoma. Programu yangu ya Python angeisoma vipi? Hata Erlang ya kawaida, ambayo naiheshimu, asingeisoma. Kwangu hiyo ndo faida ya makro, na sijaona wakiiongelea hivyo wale wanaobishania lugha, wao wanapenda kuongelea kupunguza mistari. Mi mistari hainisumbui. Nilichotaka ni mwenye kazi aisome kazi yake.

Nikabadilisha ikawa dakika 40, nikaipakia palepale, foleni ya viroba inaendelea. Hii nayo ni tabia ya BEAM niliyoipenda, inaweza kushika matoleo mawili ya moduli moja kwa pamoja, la zamani na jipya, prosesi iliyoko kwenye la zamani inamalizia alafu inahamia. Ila kuna ufundi wake. Prosesi inahama pale tu inapojiita kwa jina kamili, moduli na kitendaji, kwenye LFE unaandika moduli, nukta mbili, alafu kitendaji. Ukijiita kwa jina fupi unabaki kwenye la zamani, na ukipakia toleo la tatu na kulisafisha la kwanza, waliobaki kule wanauawa. Niliua mizani miwili kwa namna hiyo kabla sijaelewa. Msimamizi akaiinua. Hakuna aliyejua zaidi yangu.

Sasa nije kwenye kosa lililonifundisha kuliko yote, kwa sababu hili halikuwa la Lisp peke yake wala la BEAM peke yake, lilikaa katikati yao.

Mfumo ulikua umetulia. Tulikua tumeshafunga betri ya sola, umeme ukikatika kompyuta yetu ndogo, Raspberry Pi, haijui. Siku moja kabla ya saa sita mchana kila kitu kikazima. Sio mzani mmoja, sio msimamizi, BEAM nzima. Karani akawasha upya, ikawaka, ikaendelea, nikajua ni joto au betri. Baada ya wiki mbili ikazima tena, na tena ilikua kabla ya saa sita. Hapo nikaacha kuilaumu betri.

BEAM ikifa hivyo inaacha faili kubwa la maiti yake, na mstari mmoja wa juu uliniambia jedwali la atomu limejaa, kikomo 1048576.

Nikakaa chini na kalamu. Kila usomaji wa mzani, hata ukiwa mtupu, nilikua naupa jina lake, mfano s3-004512, na kwa mazoea ya Lisp jina nililifanya alama, yaani atomu, kwa kutumia `list_to_atom`. Kwenye Lisp alama ndo mkate wa kila siku, unaitengeneza bila kuhesabu. Mizani 6, kila mmoja usomaji mmoja kila sekunde 3, masaa 10 kwa siku, inakua atomu mpya 72,000 kila siku. Gawanya 1,048,576 kwa hiyo, unapata siku 14 na nusu. Ilikua inakufa siku ya kumi na tano asubuhi, kwa saa kabisa kama adhana. Na zamani kabla ya betri ya sola, kukatika kwa umeme ndo kulikua kunalisafisha hilo jedwali kila siku mbili tatu, ndo maana hatukuliona.

Kilichoniumiza ni hiki. Zile prosesi zimetenganishwa kwa kila kitu, kumbukumbu, taka, zamu, kifo, lakini jedwali la atomu ni moja kwa wote, na halizolewi taka kamwe. Atomu ikiingia imeingia mpaka mashine izimwe. Kwaiyo taa zote za ziwani zilikua zimefungwa kwenye kamba moja ambayo sikuiona, na msimamizi hana msaada hapo maana na yeye yumo humohumo. Lisp ilinipa mazoea mazuri ambayo juu ya hii mashine yana bei, na bei yenyewe imeandikwa kwenye nyaraka za Erlang wazi kabisa, mi ndo sikusoma kwa sababu nilidhani naijua Lisp inatosha.

Tangu siku hiyo atomu ni kwa maneno niliyoyaandika mimi mwenyewe kwenye programu, uzito, kosa, tayari, maneno yanayohesabika. Chochote kinachotoka nje, namba ya simu, jina la mteja, namba ya usomaji, kinabaki namba au mfuatano wa baiti, na nikilazimika kugeuza neno la nje natumia `list_to_existing_atom` ambayo inakataa kutengeneza mpya. Hapohapo nikakagua na meseji zangu za simu. Kwenye BEAM maandishi ya mtindo wa zamani ni orodha ya namba, kila herufi inashika kiungo kimoja cha baiti 16 kwenye mashine ya biti 64, kwaiyo meseji ya herufi 160 ilikua inakula baiti 2560 wakati kama mfuatano wa baiti ingekula 160 na kichwa kidogo. Orodha ni tamu kwa mtu wa Lisp. Kwenye kompyuta ndogo ya mwaloni nimejifunza kuzila kwa kiasi.

Mengine yanayosumbua niyataje haraka. Ukiandika jina la kigeu, yaani jina linaloshika thamani, kwenye mchoro wa kupokea meseji, Erlang inalilinganisha na thamani iliyopo, LFE inalifunga upya kama kigeu kipya. Niliuliza mzani wa tatu, nikapokea jibu lililochelewa la mzani wa tano, nikalikubali kama la wa tatu, na kiroba cha kilo 48 kikaandikwa 61, mwenye mzigo akafurahi na mama mdogo hakufurahi. Unatakiwa uweke sharti pembeni la kulinganisha namba. Alafu watu wa LFE ni wachache, ukikwama usiku unasoma msimbo wa LFE wenyewe, au unasoma maelezo ya Erlang na kuyageuza kuwa mabano kichwani. Nimezoea, ila simwambii mtu kwamba ni rahisi.

Wiki iliyopita ilinyesha usiku kucha, bati la kibanda likavuja juu ya mzani namba nne, uleule. Asubuhi nikafungua sheli, dirisha la kuandikia amri, nikaingia kwenye mfumo unaokimbia, nikamkuta huyo namba nne amejaribu waya wake mara nyingi tu usiku, ameanguka mara mbili, ameinuliwa mara mbili, na saa moja kasoro amerudi kazini baada ya karani kumpangusa na kitambaa. Ile mitano haikukosa usomaji hata mmoja. Nikampigia mama mdogo kumwambia.

"Mwangaluka mama, vipi mizani?"

"Mizani inapima, kwani kuna nini?"

Hakua na habari kabisa. Alikua na jambo lake lingine, kuna makuli wanachanganya viroba viwili wanapima kama kimoja. Akaniambia nichukue kalamu, alafu akaanza kunisomea taratibu, "Andika hivi. Ukizidi kilo sabini, usimjulishe mwenye mzigo kwanza, mwite karani." Nikamuuliza hiyo sabini ameitoa wapi. Akasema kiroba chake kikijaa mpaka mdomo hakifiki hapo, nimuulize kuli yeyote.

Makro ya ukizidi haipo bado, ndo naiandika usiku huu. Mstari wake mwenyewe nimeshauweka kwenye faili la mzani wa tatu, kama alivyousema.